Fidla Iliyofumuka Juu ya Moto

Makambako,
wakati wa mvua

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Sina la kujitetea, isipokuwa kila nilipokaa kuandika nilitaka kwanza nipate habari njema ya kutanguliza, na habari njema haikuja au haikudumu, karatasi ikarudi sandukuni. Leo nimeamua kuandika na hizi zilizopo. Hujambo lakini? Mgongo unakuachia ulale? Mama naye kifua kimepoa, au bado anakohoa asubuhi baridi ikishuka? Viazi vimekubali mwaka huu? Huku tu wazima wa kusimama tu. Neema anaota meno, halali wala halazi watu. Ananyonya hapa huku naandika, basi mwandiko ukipinda ujue ni mguu wa mjukuu wako.

Salamu zako nilizipata. Yule mhudumu wa hospitali alizifikisha kama ulivyomtuma, neno kwa neno, mume wangu akiwa amekaa hapo hapo: nirudi nyumbani na mtoto, Elia atanifuata akishapata kazi ya kueleweka. Elia alisikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mgeni uji, kisha akatoka nje. Sikukujibu wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukujibu nazo. Sasa zimekwisha. Nitakujibu, ila soma kwanza yaliyotupata, maana najua huko yanafika nusu nusu.

Siku ya posa ulimwuliza Elia anafanya kazi gani, akasema anapiga fidla. Ukamwambia, "Hiyo nimesikia. Nauliza kazi." Wajomba wakacheka sana. Sikukulaumu. Wewe unapiga nyuzi za ligombo tangu ulipokaa Ubena ujanani, na kwako nyuzi ni kitu cha jioni, mtu akishatoka shambani. Wakikupa pombe unashukuru, kesho unashika jembe kama wenzako. Elia hakufundishwa hivyo. Yule mama wa misioni aliyemfundisha alimwambia kwamba kwao kuna watu wanaishi kwa fidla tu, wanajenga nyumba kwa fidla, wanazeeka nayo. Na alipoondoka akamwachia fidla yenyewe. Mtoto ukimwambia neno kama hilo halitoki tena.

Basi tulipofika Njombe alipata kazi klabu ya Wazungu wa shamba la miti ya miwati. Mke wa meneja alikuwa anapiga kinanda, akatafuta mtu wa kupiga naye siku za dansi. Elia anasoma noti, kwa hiyo alimpendeza. Lakini karani wa kuandika vipande vya kazi alipomwuliza kazi yake, akakuna kichwa, akasema kazi ya namna hiyo hana pa kuiandika. Akamwandika mwosha vyombo. Na ndivyo ilivyokuwa, Baba. Anavikwa kanzu nyeupe, anaingia kwa mlango wa jikoni, anapiga, wakipumzika kucheza anarudi jikoni. Mpishi mkuu, mzee mmoja Mpangwa mwenye maneno, alikuwa anamngoja na kitambaa mkononi: "Karibu mwanamuziki, glasi zimekukumbuka." Elia alikuwa ananisimulia hayo akicheka. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake tu, ilivyolegea kwa maji ya sabuni.

Hata hivyo tulikuwa tunakula. Kisha mke wa meneja akarudi Ulaya, klabu wakanunua santuri. Santuri hailali, haili, haiulizi mshahara. Wakamwambia Elia abaki kuosha vyombo tu. Akakataa. Hapo niligombana naye, sikufichi. Nilimwambia mtoto halishwi kwa heshima. Akanijibu, "Yusta, nikikubali leo, hawataniuliza tena kama najua kitu kingine." Hata hivyo hasira hazikuniisha.

Akajaribu kanisani. Mwinjilisti wa pale alimsikiliza vizuri, akamwambia fidla iliyochezesha watu klabu haiwezi kurudi kusindikiza tenzi. Elia akamwambia mikono ni ile ile. Mwinjilisti akasema, "Ndiyo maana." Tukafunga mizigo tukaja Makambako, kwa sababu hapa ndipo malori yote yanapopita, na watu walisema pale hotelini kwa madereva muziki haukosekani.

Muziki ulikuwepo kweli. Bendi moja ya watu wa pwani ilikuwa inapumzika hapa ikielekea Mbeya. Mkubwa wao anaitwa Bwana Athumani, mtu wa Tanga, mpiga gitaa, mwembamba, mdomo haukauki. Nilikuwa nimesimama na Neema mgongoni siku Elia alipomwendea. Bwana Athumani aliitazama fidla, akasema, "Hii si ya padri hii? Inajua kitu kingine zaidi ya kutubu?"

Elia akasema, "Inajua na kucheza."

"Mpiga gitaa akikosa kazi, ndugu yangu, hakosi harusi. Mpiga fidla akikosa kazi anakwenda wapi?"

"Matangani."

"Afadhali unajua. Haya, piga."

Akapiga. Baba, mimi fidla nimeisikia mpaka nimeichoka, naisikia nikipika, naisikia nikifua. Siku ile sikuichoka. Wale vijana wa bendi waliacha chai yao. Bwana Athumani akachukua gitaa akamfuata, wakaenda hivyo mpaka madereva wakaja kusimama mlangoni. Alipomaliza hakumsifu, alisema tu, "Tukirudi kutoka Mbeya mvua zikipungua, utapanda lori letu. Nyumba yangu iko Iringa, kuna chumba cha uani, mkeo atakaa na mke wangu. Ila nikukute na nyuzi nzima." Akanigeukia: "Mama Neema, unamruhusu?" Nikamwambia namruhusu, lakini mshahara wake nipewe mimi. Akacheka, akasema ndivyo inavyofanyika hata kwake.

Hizo ndizo habari njema nilizotaka kukuandikia. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Sasa sikia. Mvua zilipoanza, ukungu ukaingia mpaka ndani. Chumba chetu ni cha udongo, ukuta unatoa maji. Nyuzi zikavimba, zikalegea, sauti ya fidla ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Elia akahangaika. Halafu akafanya ambalo wewe ungefanya, na mimi nisingefanya jingine: akaitundika darini juu ya meko, kwenye moshi. Ligombo lako si liko juu ya moto tangu sijazaliwa? Ligombo la babu yake Elia nalo lilikaa juu ya moto, likawa jeusi na sauti ikazidi kuwa tamu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekoka moto wa kutosha ili ikauke vizuri. Wala hatukuwaza kwamba ligombo ni gogo moja lililochongwa, na fidla ni vipande vingi vilivyoshikana kwa gundi.

Asubuhi Elia alipoishusha, ubao wa juu ulikuwa umeachia upande mzima, kama kiatu kilichofungua kinywa. Kijiti cha ndani kinachoshikilia ubao kimeanguka na kuvunjika, nyuzi mbili zimekatika. Aliifunga katika shuka la Neema akaenda nayo kwa seremala wa hapa sokoni. Yule fundi akaigeuza, akaigonga gonga, akasema ni kazi ndogo hiyo, akanyoosha mkono kuchukua nyundo na misumari. Elia akamnyang'anya fidla. Duka la Mhindi lina nyuzi za gitaa tu, za waya, na Elia anasema zitaing'oa shingo.

Tangu hapo hajaigusa. Anapakia magome ya miwati kwenye malori. Magome yale yanakausha ngozi. Vidole vyake vimekuwa vyekundu na vimepasuka kwenye viungo, jioni nampaka mafuta ya mgando kama ninavyompaka mtoto. Kuna jioni nilimkuta anabonyeza vidole vya kushoto juu ya goti, kimoja kimoja, kama anapiga. Aliponiona akaficha mkono.

Na juma lililopita alikwenda Njombe bila kuniambia, kwa wale wanaoandikisha watu wa migodi ya kusini. Wamempima kifua, wamemkubali. Lori lao litaondoka mvua zikipungua, wakati ule ule ambao bendi itakuwa inarudi. Nilimwuliza, "Na fidla?" Akasema, "Fidla ipi, Yusta?" Wewe unawajua waliokwenda huko kuliko ninavyowajua mimi. Mtoto wa shangazi alikwenda miaka mingapi, na amerudi na nini zaidi ya kikohozi?

Nilikaa naye nikasema naye. Sikupiga kelele. Nilimwambia alama ya kidole aliyoweka kule haimfungi mpaka apande lori. Tukapatana hivi: fidla ikipona kabla Bwana Athumani hajapita, tunakwenda Iringa wote watatu. Isipopona, yeye anakwenda migodini, na mimi nitarudi kwako na mtoto kama ulivyotaka.

Kwa hiyo jibu langu, Baba, ni hilo, na sehemu iliyobaki iko mikononi mwako. Huku hakuna anayejua gundi. Wewe umefanya kazi karakana ya misioni, madawati ya kanisa yanasimama mpaka leo kwa gundi uliyochemsha wewe, na nyuzi za utumbo unasokota mwenyewe. Elia hatakuomba, ana haya mbele yako, na hajui kama naandika haya. Mimi ndiye ninayekuomba. Sikuombi uamini kazi yake. Hata mimi kuna siku siiamini. Naomba unisaidie mume wangu asiende kuchimba chini ya ardhi, hilo tu.

Usipotuma gundi na nyuzi sitakulaumu, nitajua umefikiri. Basi umtume kaka anipokee Njombe, maana kumbeba Neema na mizigo mpaka nyumbani Bulongwa peke yangu sitaweza tena. Lakini neno moja nakwambia kwa heshima: usinitumie tena salamu za kumwacha mume wangu kwa kinywa cha mtu, yeye akiwa amekaa hapo. Ukiwa na neno, andika. Unajua kuandika, na mimi najua kusoma.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya meno ya mtoto aliyonielekeza nimeitumia na imesaidia kidogo. Nisalimie shangazi na mwanawe anayekohoa. Kaka na wifi, waambie wasichoke na mimi. Bibi mzaa Mama umshike mkono kwa niaba yangu na umwambie kwa sauti kubwa kwamba Neema amefanana naye. Mwalimu wa kwaya naye, yule aliyemsikia Elia akipiga mara ya kwanza, msalimie, ila usimwambie habari za fidla.

Ni mimi binti yako nikupendaye, nisiyelala vizuri lakini mzima,
Yusta

Vitu vyenyewe ni hivi, umpe yule yule mhudumu, anarudi huku mwezi ukiandama. Gundi ya ngozi, vipande vikavu vya kujaza kikombe, na uniandikie maji yawe ya moto kiasi gani. Kijiti kinyoofu cha mti mkavu wenye nyuzinyuzi ndefu, unene wa kidole changu cha mwisho. Kiache kirefu, Elia atakikata. Kamba nyembamba za kufungia ubao wakati gundi inakauka. Utomvu wa misonobari ya pale kanisani, wa kusugulia upinde wa fidla, ule uliokwisha kuwa mgumu, unaonata usituletee. Mafuta ya mgando. Blanketi la mtoto, hata lililotumika, maana lile shuka Elia hataki lifunguliwe. Na nyuzi za utumbo wa kondoo, zilizosokotwa kwa mkono wako na kukaushwa kivulini: mbili za unene wa kawaida, na zile nyembamba kabisa uzidishe, kwa sababu ndizo zinazokatika. Utumbo uwe wa kondoo mdogo. Kama huna wa kuchinja, usiazime kwa jirani. Chinja yule kondoo jike mchanga mliyemtenga awe mali ya Neema. Mama atakataa. Mwambie ni mimi niliyesema.