Samaki wa Ndoo ya Kuogea

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza kama unakula, au bado unasahau chakula ukishainamia hadubini.

Barua yako tuliisoma. Uliuliza kama ni kweli kijito cha msituni kimefukiwa ili barabara ipite, na kama Baba ndiye aliyeendesha lile tingatinga. Ni kweli. Ulisema kama ni yeye, hutakanyaga tena hapa nyumbani. Baba alinirudishia barua, akavaa kofia yake ya kazi, akatoka bila kunywa chai.

Kuna jambo ambalo hakutaka ulijue. Jioni ya kabla ya kazi ile nilimpelekea koti kijitoni. Nilimkuta amekunja suruali, amesimama majini, anachota wale samaki wako wadogo, uliokuwa ukiwafuga na kuwachunguza, kwa chandarua changu. Alinitazama kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari, akaniambia nisisimame kama mlingoti, nishike ndoo. Mama alipoiona ndoo yake ya kuogea alimuuliza kama sasa tutaoga na kitoweo. Baba alimjibu taratibu kwamba hao si kitoweo, ni wa binti yake.

Sasa wanaishi kwenye tangi la kioo alilolitengeneza mwenyewe. Maji ya bomba huyaacha kwanza hadi dawa iishe nguvu, kama ulivyokuwa ukifanya. Kila asubuhi huinama, kisha huniuliza mimi, msomi wake, kama wametaga.

Dada, hawatataga. Baba alichagua wale wenye rangi, wekundu wenye madoa ya buluu. Wale wa kijivu aliwarudisha majini, akidhani ni wagonjwa. Nimelinganisha na picha za kitabu ulichoniachia. Wote tulionao ni madume. Majike walibaki kijitoni, na kesho yake aliwafukia mwenyewe bila kujua.

Sijapata mdomo wa kumwambia. Namjibu tusubiri, naye anasubiri.

Uliwahi kuniandikia kwamba maabara yenu inafuga samaki wa kijito hikihiki. Ukipata likizo, tafadhali njoo na majike. Si lazima umsamehe ukiwa mlangoni. Utamkuta ameinama kwenye kioo. Watie tu majini, mengine mtaongea baadaye.

Wasalimie wenzako. Mama anasema uvae sweta.

Ni mimi mdogo wako,
Miwani