Mwaka Niliong'oa Mihogo ya Watu

Kasulu,
Mwisho wa Desemba, 2013

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa basi ilikufikia? Na mvua za huko Makete, zimeanza vizuri au bado zinawachezea? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nimechoka tu, Mama, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Najua ulinitandikia kitanda ukijua nitafika Krismasi. Niliposema kwenye simu kwamba kazi zimenibana, nilikata upesi nisije nikalia. Yale niliyoshindwa kuyasema siku ile nayaandika hapa.

Kijiji nilichopangiwa kiko mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Kasulu mjini. Watu wananiita bibi shamba. Chakula chao ni muhogo. Ugali wa muhogo na maharage, leo, kesho na keshokutwa. Mimi ni mtoto wa baridi, muhogo niliusoma chuoni kwenye daftari, nikafaulu mtihani wake, nikajiona naujua.

Mihogo ya huku inaugua batobato. Majani yanajikunja na kuingia mabaka ya njano, na mizizi inabaki myembamba kama vidole. Mwezi wa saba nilisimama mkutanoni nikawaambia wang'oe mihogo yote, wasafishe mashamba, maana mvua zikianza tutaletewa pingili za mbegu mpya kutoka upande wa Kibondo. Mzee mmoja akainua mkono.

"Hatuwezi kung'oa nusu kwanza, bibi shamba, nusu ikabaki?"

Nikamjibu kwamba ugonjwa haujui nusu. Watu wakacheka, mzee akakaa chini. Mama, nilifurahi kwamba nimemshinda mzee wa watu.

Waling'oa wote isipokuwa mjane mmoja, Mama Bukuru. Ana mapacha, na huku pacha wa kwanza ndiye huitwa Bukuru. Nilimfuata shambani mara tatu. Mara ya tatu akasimama mbele ya mihogo yake, jembe begani.

"Mwanangu, hiyo mbegu yako umeiona kwa macho?"

"Tumeahidiwa."

"Basi ikija nitang'oa."

Nikaona ananidharau mbele ya watu. Nilipoandika taarifa ya wilayani nikaweka jina lake, na mbele ya jina nikaandika neno moja: mkaidi. Mtendaji wa kijiji naye akampa adhabu ya kufyeka nyasi za ofisi siku mbili. Nilipita pale nikamwona ameinama juani, kanga imelowa jasho mgongoni. Ni mwanamke wa umri wako. Nilipita bila kumwamkia.

Mvua zikaanza, gari la mbegu halikuja. Daraja lilikuwa limekatika njiani. Kila asubuhi wanawake walisimama nje kwangu kuuliza, na kila asubuhi niliwaambia kesho. Wiki ya tatu gari likafika. Nilipanda juu nikavuta pingili moja, nikaikwaruza kwa kucha. Kavu. Nikavuta nyingine, na nyingine. Hakuna ubichi wala utomvu, ni kuni tupu. Tulizipanda hivyo hivyo kwa sababu hatukuwa na kingine. Ungeweza kutembea shamba zima ukahesabu machipukizi kwa vidole vya mkono mmoja.

Nikakimbia, Mama. Sikufichi. Niliaga kwamba nina semina, nikaja kujificha hapa mjini kwa rafiki yangu ambaye ni mwalimu. Nilikuwa nikienda sokoni natazama wanawake wanaouza mihogo mikavu, nainamisha kichwa nikihofia kwamba mmoja wao ametoka kijijini kwangu. Siku ya tisa rafiki yangu akaniuliza, "Hii semina yako ni ya kunifulia nguo?" Hakucheka. Kesho yake nikarudi.

Niliomba mkutano. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kuhusu daraja na gari, lakini sikufika mbali. Baba mmoja wa watoto watano, anaitwa Minani, akanikatiza.

"Gari tumelisikia. Sisi tunakuuliza wewe."

Nikasema, "Nilikosea. Mzee aliniambia tubakize nusu, nikamfanya kichekesho. Sikuwa najua, nikajifanya najua."

Nilitegemea matusi, na nadhani yangenipunguzia mzigo. Hawakunitukana. Walinitazama, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wiki ile ile Minani alikwenda Gwarama kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, mkewe akabaki na watoto.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwa Mama Bukuru. Nilimsalimu kwa Kiha changu kibovu, "Mwakeye," naye akaitikia huku akiendelea kumenya muhogo.

"Umekuja kuniandika tena?"

Nikapiga magoti. Nikamwamkia kama ninavyokuamkia wewe, nikamwomba radhi, nikamwomba na pingili kwa ajili ya majirani zake. Alimenya ule muhogo mpaka ukaisha.

"Nenda kwanza ukafute lile neno."

"Mama, taarifa imeshafika wilayani."

"Kwani wilayani hakuna kalamu?"

Nikaenda. Niliandika taarifa upya, nikaeleza kilichotokea na nani alishauri nini. Mkubwa wangu aliisoma akiwa amesimama. Akaniambia ofisa hajiandikii makosa namna hiyo, na kwamba nikiipeleka, kuthibitishwa kwangu kazini kutacheleweshwa. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake muda mrefu nikiwaza ada za wadogo zangu. Kisha nikaipeleka. Na kweli, kumecheleweshwa.

Mama Bukuru hakusoma shule. Nilimletea nakala nikamsomea, akasema nirudie. Niliporudia akainuka, akanipeleka shamba lake la bondeni, ambalo sikuwahi kufika. Majani mazima, Mama, kijani kitupu! Kumbe kwa miaka mingi amekuwa akifunga uzi wa mgomba kwenye kila shina lisiloshikwa na ugonjwa, na msimu ukifika anakata mbegu kwenye hayo tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja kuniambia, hukuja kuniuliza."

Tulilipitia shamba lile shina kwa shina. Kwenye mashina matatu nikamwonyesha dalili changa alizokuwa hajaziona, akayang'oa bila ubishi. Nilitamani na mimi ningekuwa hivyo mwezi wa saba.

Tangu siku ile tunakata, tunafunga mafurushi, tunabeba kichwani nyumba kwa nyumba. Likizo sikunyimwa, Mama. Niliiacha mwenyewe, maana mvua hazingenisubiri nirudi. Hata leo nimekuja mjini kutafuta mbegu za maharage ya kusaidia wakati wa kungoja muhogo, na kesho narudi.

Sitaki kukupamba kwamba mambo yamekaa sawa. Kila nyumba imepata furushi la kutosha kipande kidogo tu cha shamba, na muhogo hauivi chini ya mwaka. Njaa itapita hapa katikati. Mke wa Minani alipokea furushi lake akaniuliza, "Tutafika?" Nikamwambia, "Sijui. Nitakuwepo." Akalipokea jembe langu tukaanza kupanda. Lile neno sijui bado linaniuma kulitoa. Chuoni ukilisema unapoteza alama. Lakini nimeona watu hukaa karibu zaidi ukilisema kwa moyo.

Ndiyo mwaka wangu huo. Nilidhani nitakuandikia kwamba nimekua kwa sababu nimepata kazi na watu wananiheshimu. Badala yake nakuandikia nikiwa na aibu, ila nalala usingizi.

Jambo moja nakuomba. Jana nikiwa nafunga mafurushi nilikumbuka kwamba umelima viazi tangu sijazaliwa, na mimi mwanao mwenye cheti cha kilimo sijawahi kukuuliza unachaguaje mbegu. Nikija likizo nilikuwa nakufundisha. Niandikie, Mama, pole pole, hata ukitumia daftari zima.

Nisalimie kaka mkubwa na wifi, waambie mtoto wao mchanga nitambeba akiwa tayari anatembea. Mama mdogo mpe pole ya kufiwa na shoga yake. Bibi mwamkie kwa sauti sikioni, asije akasema nimemsahau. Wadogo zangu wasome. Wasizidishe wasiwasi kuhusu ada, nitajibana.

Ni mimi mwanao, bado najifunza,

Twilumba