Chai ya Mashahidi

Kyebando, Jumanne

Kumbe chai niliyokuwa napika ilikuwa ya kuuzia nyumba yangu!

Baba Rehema aliniambia tu kuna wageni. Nilipoingia na sinia nikamkuta mwenyekiti wa mtaa, muhuri wake uko mezani, na mtu nisiyemjua anatazama dari yetu kama yake. Nikaweka sinia, nikavuta kiti, nikakaa.

"Mama Rehema, umekubali kuuza?" mwenyekiti akauliza bila kuniangalia.

Mume wangu akadakia, "Nikikubali mimi, na yeye amekubali."

"Sijakubali," nikasema. "Na sheria inasema nyumba tunayolala haiuzwi mpaka mke akubali. Mwenyekiti, unaijua."

Anaijua. Alirudisha muhuri mfukoni. Chai yangu lakini wameinywa yote.

Tangu hapo Baba Rehema hajanisemesha. Naogopa, nisijidanganye. Muhuri ule unaweza kutoka mfukoni kesho, katika nyumba ya mtu mwingine, mimi nikiwa sokoni, na yetu ikauzwa.

Basi asubuhi naenda kwa mwenyekiti mwenyewe, aandike kwamba nimekataa, agonge muhuri mbele yangu. Sinia nitaliacha nyumbani.