Kijimoto Alichowasha Verna

Lyle, nyusi zangu zimeungua zote mbili. Usicheke.

Watu wa gesi wamefunga bomba la mtaa mzima leo asubuhi bila hata kubisha hodi. Taarifa wameitundika kwa jirani aliyehama. Wakubwa wao wako ofisini na kahawa zao, huku kwangu theluji iko dirishani na kile kijimoto cha hita, kinachokaa kikiwaka siku zote, kimezimika.

Gesi iliporudi nikashuka chumba cha chini ya nyumba kukiwasha mwenyewe. Hakikushika, nikawasha kiberiti kingine palepale. Sikusubiri, Lyle. Verna alikuwa akinikalisha juu ya ndoo ya rangi dakika tano, gesi itoke kwanza. Leo nani wa kunikalisha. Ikanilipukia usoni.

Baadaye akaja mama mmoja wa kampuni, akanusa nywele zangu.

"Mzee, ulisubiri dakika tano?"

"Nilisubiri."

"Nyusi zako zinakukana."

Akafunga gesi, akanikalisha kwenye ndoo ileile. Tukasubiri dakika tano. Kisha akabonyeza kitufe, akawasha, akakishikilia dakika nzima. Kikashika.

Nikamwambia, kile mlichozima alikiwasha Verna, mke wangu, wiki aliyolazwa hospitali asirudi tena. Miaka mitatu hakijazimika. Kila jioni nilishuka kukitazama.

"Pole, mzee. Lakini moto ni moto."

Moto ni moto, Lyle. Ndivyo alivyoniambia.

Nyumba ina joto sasa. Mlango wa kule chini nimeufunga. Sina tena cha kwenda kutazama.