Karatasi ya Wajane

Jumatatu, 9 Juni
Bado napanga karatasi ya wajane. Ukurasa mmoja tu: waliofukuzwa mashambani baada ya waume kufa, sheria inasemaje, waende wapi. Nimechora jembe kwa kila mjane tuliyemhoji kijijini Misima. Kijani hakipendezi. Nimeweka kahawia. Dada Eliza, mkuu wa ofisi yetu hapa Chanika, anaitaka kabla ya mkutano wa Ijumaa ya wiki ijayo. Mgongo unauma.

Jumatano, 11 Juni
Misima tena, kuhakiki majibu. Mama mmoja alinitazama sana.
"Wewe si binti wa Mzee Rashidi?"
Nikaitikia.
"Mbona wa kwenu humwandiki?"
Nilijua anamsema nani. Mama mdogo Mwanaidi, mke wa marehemu baba mdogo. Tuliambiwa alirudi kwao Mashewa kwa hiari yake. Nilikuwa bweni. Sikuuliza. Naona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Sijafanya kazi. Nimebadilisha herufi mara tatu, nikazirudisha. Hasira kwa baba. Hasira zaidi kwangu. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye ufuta wa shamba lile la baba mdogo.

Jumamosi, 14 Juni
Korogwe, kisha Mashewa. Nilimkuta mama mdogo anapukuchua mahindi. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mgeni.
"Marahaba. Umekua."
Hakulia. Alisema matanga hayajaanuliwa, baba akaja na wazee wawili wa ukoo. Wakamwambia shamba si lake, achukue binti yake arudi kwao. Akafunga vyombo.
Nikamuuliza kama nimwandike.
"Niandike. Ila usinichore nimeshika tama. Mimi nalima."
Njia nzima sikuweza kutulia.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwonyesha baba karatasi kabla haijachapwa. Bora aisome kwangu kuliko ukutani. Jina lake halimo. Alisoma hadi mwisho, kidole kikifuata mistari.
"Nani kakutuma Mashewa?"
"Hakuna, baba. Nimekwenda mwenyewe."
"Ungeniuliza mimi kwanza."
"Ndiyo nakuuliza sasa."
Aliinuka akatoka. Chakula hakula. Mama kaninunia. Naogopa. Sijafuta kitu.

Jumatano, 18 Juni
Dada Eliza aliuliza kama nina uhakika na huyu mjane wa mwisho. Nikamwambia ni wa kwetu. Akatia sahihi. Zimechapwa Korogwe. Kahawia imetoka kama damu ya mzee. Hakuna muda wa kurudia. Baba hajasema nami siku ya tatu. Usingizi wa vipande.

Ijumaa, 20 Juni
Mkutano Misima, baada ya swala. Watu walizipokea. Wengine walizikunja bila kusoma. Sheikh alieleza mafungu ya mjane na ya watoto, polepole, bila kumtazama mtu. Baba alikaa nyuma. Hakuuliza swali.
Jioni, tulipofika nyumbani, aliniita uani. Akaniambia nichukue kalamu.
"Andika. Kuanzia kisima cha zamani mpaka korongoni. Pale palikuwa pa ndugu yangu."
Akasema sheikh aje agawe, na Mwanaidi awepo, na binti yake.
Niliandika. Hakuniangalia. Nilipomaliza aliomba maji ya kunywa, nikampelekea.