Karatasi ya Kumi na Saba

Smolyan,
12 Juni

Mpendwa Kaka Ognyan,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Rumyana. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama na usingizi wangu. Maharage yameota vizuri.

Kaka, ninaogopa. Kesho nafanya chuoni mtihani wa kosmolojia, ile elimu ya ulimwengu ulivyoanza na unakokwenda. Ni mara ya tatu. Nikifeli, shule itampa mwingine vipindi ninavyofundisha, na kwa miaka yangu arobaini na minne sijui nani ataniajiri. Nilidhani kujua majina ya nyota kunatosha, kumbe nilikuwa nje kabisa. Hesabu zake zinanitoa jasho, na nikishaelewa jambo, lenyewe linanitisha kuliko hizo hesabu.

Unaukumbuka mtindo wetu wa mitihani: maswali thelathini, karatasi zimefunikwa mezani, unaokota moja na kujieleza mbele ya maprofesa. Mama alinikatia karatasi kama hizo nifanye mazoezi. Mara tatu niliokota ya kumi na saba, kutanuka kwa ulimwengu, na mara tatu nikabaki bubu. Mama akaichukua akaitupa ndani ya jiko la kuni.

"Haya, imekwisha hiyo."

"Mama, ya chuoni bado ipo."

"Basi okota kwa mkono wa kushoto, usinichoshe."

Nilicheka. Jana akanikalisha nimweleze yeye. Nikamwambia makundi ya nyota yanazidi kuwa mbali, lakini hakuna linalokimbia. Nafasi iliyo katikati ndiyo inayoongezeka.

Mama akaacha kumenya viazi. "Kwa hiyo hakuna mwenye kosa?"

"Hakuna, Mama."

"Na yaliyokwenda mbali sana, hurudi?"

Nikachukua kisu, nikamalizia kumenya viazi vyake. Una miaka kumi na mmoja huko Ajentina, Kaka, na kila mwaka barua zinapungua. Kesho asubuhi Mama atamwaga maji kizingitini nipite juu yake niende salama, kama alivyokumwagia wewe siku ile. Maprofesa wakiniuliza swali hilo, nitajibu yaliyo kitabuni. Mama simwezi. Mjibu wewe.

Nisalimie wifi, na umwambie Kalin shangazi yake anampenda ingawa hajamwona. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye, aliye palepale ulipomwacha,

Zdravka