Kwa Okot, Uliyemvusha Bibi Barabara ya Ntinda

Mpendwa Okot, mtoto wa kaka yangu,

Bibi yako amesema nikuandikie, kwa sababu kwenye simu unajibu "niko sawa" halafu unakata. Mimi nina sababu yangu nyingine. Tangu uondoke, chakula kinabaki. Jana nimesonga ugali wa posho kidogo tu na bado tumelala na kiporo. Ulipokuwa hapa kiporo tulikisikia kwa majirani.

Nakumbuka ulivyoinama ili upite mlangoni kwangu hapa Ntinda. Nilikuwa nakujua kwa picha tu, mtoto wa Winnipeg, Kanada, mwenye kofia ngumu kichwani na theluji miguuni. Baba yako alikuwa ameniambia unacheza mpira wa kule, ule wa kubeba kwa mikono na kugongana. Hakuniambia kwamba amezaa kabati. Bibi alikutazama kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Huyu wanamlisha nini?" Nawe ukamjibu kwa Kiswahili ulichofundishwa na baba yako, kilekile cha kambi ya polisi tulikokulia sisi: "Bibi, sasa nilishe wewe." Mwanamke akayeyuka palepale.

Jioni hiyo ulinipangia vifuniko vya soda mezani unieleze shida yako. Kanada timu inapewa nafasi tatu za kusogeza mpira, Marekani nne, na uwanja wao ni mwembamba zaidi. Hayo niliyaelewa. Tangu utoto wewe ulikuwa mkimbiaji, mpira kifuani, wenzako wakihema nyuma yako. Mlituma video zako kwa makocha wa vyuo vya Marekani, mkavuka mpaka na baba yako kwenda kwenye majaribio, wengi wakanyamaza kimya. Chuo kimoja tu ndicho kilikutaka, na kingekusomesha bure. Lakini kocha alisema umekuwa mzito mno kukimbia. Ungesimama mbele umlinde kijana anayerusha mpira, na mpira wenyewe usingeushika. Alitaka jibu kabla hujarudi Kanada.

"Shangazi, maisha yangu yote nimebeba mpira," ulisema. "Sasa niwe ukuta?"

"Kataa," nikakwambia. Mimi huwa sizunguki. Mpira gani huo ambao mtu anaucheza bila kuushika?

Lakini hukukataa, wala hukukubali. Chuo kingine hakikuwepo na wewe ulilijua hilo. Ukawa unakaa kwenye baraza langu, umenuna, unamaliza chapati zangu moja baada ya nyingine.

Sasa Bibi naye alikuwa na lake. Rafiki yake Mama Aber, mjane wa polisi kama yeye, anakaa ng'ambo ya barabara, ukisimama kwetu unaliona dirisha lake. Ila tangu boda ilipomkwaruza mguu, Bibi alikuwa hajavuka. Walikuwa wanapigiana simu huku wanapungiana mikono, vizee wawili, barabara katikati. Nilikuwa nikiwaona nacheka, halafu naumia.

Asubuhi moja ukamwambia, "Twende kwa Mama Aber." Ukampa mkono. Akaupiga kofi. "Mimi si mtoto!" Basi, ukafanya kitu ambacho nilikitazama kutoka getini. Uliingia barabarani kwanza, ukampa Bibi mgongo, ukapanua mikono, ukaanza kwenda kiubavu kwa hatua ndogondogo, magoti yamekunjwa, macho kwenye magari. Dereva wa teksi akatukana mpaka mama zetu sote. Boda zikafunga breki. Banange, jamani! Wewe hukujibu mtu. Na nyuma yako Bibi alikuwa anatembea polepole, kitenge chake kimenyooka, mdomo haujanyamaza.

Mkaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Ikawa ndiyo kazi yako ya asubuhi. Siku moja mchana ukanijia jikoni.

"Shangazi, nimempigia kocha. Nimekubali."

Nikaacha mwiko. "Kwa nini?"

"Bibi haangalii magari," ukasema. "Hata kidogo. Njia nzima ananisimulia bei ya mkaa."

Nikakuongezea maharage.

Uliporudi Kanada nikajua Bibi atarudia simu na kupunga mkono. Kumbe sikuwajua vijana wa stendi ya boda. Ulikuwa umewazoesha vibaya. Sasa wakimwona tu getini, mmoja anaingia katikati ya barabara anasimamisha wenzake. "Mama, pita! Ile kijana yako kubwa iko wapi?" Naye anavuka taratibu, kichwa juu. "Iko kazini," anawajibu.

Najua kwamba mechi za mwanzo huko chuoni ulikaa benchi. Hukutuambia, baba yako ndiye alisema. Tukanyamaza nasi, kila mtu na dua yake. Jumapili iliyopita baada ya kanisa tukaangalia marudio ya mechi mpya, simu yangu imeegemezwa kwenye birika, Mama Aber naye yupo. Wakakuingiza! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Mimi na Mama Aber tukawa tunabishana mpira uko wapi, nani anao, umeanguka? Bibi hakuutafuta. Alikuwa anakutazama wewe tu, ulivyopanua mikono, magoti yamekunjwa, hatua ndogondogo. Kisha akamgusa kwa kidole, pale kwenye kioo cha simu, yule kijana wa nyuma yako. Kijana alikuwa amesimama ametulia kabisa, anachagua wa kumrushia mpira, huku majitu yanamjia.

"Mwoneni," Bibi akasema. "Haangalii magari."

Nililia, Okot. Mama Aber naye alifuta macho akadai ni moshi, na jiko tulikuwa hatujawasha.

Nina furaha na wewe mpaka naona aibu kuisema. Ila bado nataka wakupe huo mpira, hata mara moja tu. Mwambie kocha kuwa shangazi amesema. Vaa soksi nzito, kula, na ukipiga simu usikate haraka. Na siku ukija, usitutafute nyumbani kwanza. Bibi anasema atakuwa kwa Mama Aber, anakungoja umvushe.

Ni mimi, shangazi yako, mwenye chapati